Mwano Kwenye Theluji

Kitukuu wa kwanza wa mama yangu alizaliwa Finland, na mama akakataa kumpa jina. Hakukasirika wala hakulia. Alisema tu kwamba jina lipo, ila halitoki.

Kwenye ukoo wetu, jina la mtoto wa kwanza wa kila kizazi hutoka kinywani mwa mwanamke aliye mkubwa kuliko wote. Kwa sasa ni yeye, pale kijijini Kasoli, na simu yake ya batani iliyofungwa kwa mpira wa manati ili betri isidondoke. Binti yangu alimpigia kutoka huko kwenye baridi, akamwomba. Alimbembeleza kwa Kisukuma chake kilichoanza kuota kutu. Akamweleza kuwa hata watu wa mumewe wana desturi ya kukaa na mtoto bila kumtangaza jina mpaka siku maalumu ya kulitaja mbele ya watu, na kwamba siku hiyo wameshaipanga.

"Sawa," mama alimjibu. "Wao wasubiri na mimi nisubiri."

Kisha akanipigia mimi, Bariadi mjini.

"Ng'wana wane, mwanangu, wewe si umesoma?"

Swali hilo mama huniuliza anapotaka kunituma. Nikamwambia nimesoma kidogo.

"Basi nenda ukaone. Mimi siwezi kutoa jina likaenda kukaa na watu nisiowajua. Siulizi kama ni wazungu, hilo nimeshaambiwa. Nauliza kama ni watu. Ukikuta ni watu, niambie. Ukikuta si watu, mchukue mtoto na mama yake mrudi, maziwa yapo."

Hivyo ndivyo mtu mwenye shahada mbili na kitambi kimoja alivyotumwa Ulaya ya kaskazini kwenda kufanya utafiti ambao hakuna chuo kilichowahi kumfundisha.

Koti nilinunua sokoni Bariadi, kwenye mtumba. Muuzaji, mzee wa Kiislamu aliyehamia hapa kutoka Kondoa miaka mingi iliyopita, aliniuliza naenda nalo wapi jua lote hili. Nilipomwambia, alilikung'uta, akatazama lebo yake, akacheka hadi kofia ikamhama.

"Mwalimu, hili limetoka hukohuko! Unalirudisha kwao. Likifika litakutambulisha."

Nililipa huku nacheka. Sikujua kwamba koti ndilo litakalokuwa mwenyeji kati yetu wawili.

Mshtuko wa kwanza haukuwa baridi. Baridi nilikuwa nimejiandaa nayo, ingawa nilijiandaa kama mtu anayejiandaa kupigwa kofi halafu akagongwa na trekta. Pua ilikauka ndani. Kope zilishikana. Nilipiga chafya nikadhani kitu kimevunjika. Lakini kilichonishtua kweli ni ukimya. Asubuhi ya kwanza, ambayo ilikuwa na giza kama la saa kumi alfajiri ingawa saa ilisema tatu, nilikwenda na binti yangu kituo cha basi. Kulikuwa na watu, kila mmoja amesimama mbali na mwenzake kiasi kwamba ng'ombe angeweza kupita katikati na mkokoteni wake. Hakuna aliyeongea. Nikadhani kuna msiba.

Mimi nimelelewa Kasoli. Huwezi kukuta watu wamesimama ukasimama nao kama nguzo. Nikaenda kwa mmoja mmoja, nikatoa mkono, nikawasalimia kwa Kiingereza na kuwauliza wameamkaje, nyumbani hawajambo, na kazi. Wa kwanza alinipa mkono kama mtu anayekabidhi kitu kilichookotwa. Wa pili alijibu kwa kichwa. Wa tatu aliniona nakuja, akaanza kusoma ratiba ya mabasi kwa bidii kubwa.

"Baba," binti yangu alininong'oneza, "acha. Wanaogopa."

"Wanaogopa salamu?"

"Wanafikiri unauza kitu."

Jioni hiyo mama alipiga. Alitaka kujua jambo moja tu la kuanzia.

"Wanasalimiana?"

"Wanasalimiana, mama. Ndani ya nyumba."

"Na nje?"

"Nje kuna baridi."

Akanyamaza. Namfahamu mama, anaponyamaza anakuwa ameandika.

Nyumbani kwa binti yangu mambo yalikuwa ya kunishtua kwa zamu. Viatu vinavuliwa mlangoni, hilo sawa. Mke na mume wanalala kitanda kimoja lakini kila mtu na blanketi lake, nami nilipoyaona yametandikwa mawili nilimvuta binti yangu pembeni nikamuuliza kwa upole kama wamegombana. Mbwa wa jirani alikuwa na viatu, vinne. Kuna siku walinipeleka kwa ndugu yao mfugaji, nikaona ng'ombe wanaokaa ndani ya jengo lenye taa na joto, na ukutani kuna brashi kubwa inayozunguka yenyewe. Ng'ombe anaisogelea, anaweka mgongo, anakunwa, akiridhika anampisha mwenzake. Nilisimama pale muda mrefu. Ng'ombe walikuwa wanasimama karibu karibu kuliko wenyeji wao.

Halafu kukawa na mkwe.

Baba wa mume wa binti yangu, ambaye kwetu naye ni mkwe wangu, ni mtu mrefu mwenye nyusi nyeupe na Kiingereza cha kupima kwa kijiko. Mkwe, kwa mtu wa kwetu, ni mtu wa kupishwa njia. Huli naye ovyo, humtanii, na ukikosea ukamwona anaoga mtoni, unageuka, unakwenda kutafuta njia nyingine hata kama inapita kwenye miiba. Sasa huyu bwana, siku ya pili, alinipigapiga bega akasema neno moja: "Sauna." Nililijua neno. Nilidhani ni kama chumba cha mazungumzo chenye joto. Nikamfuata na kaptula yangu na taulo. Nilipofungua mlango, mkwe wangu alikuwa amekaa juu ya ubao kama alivyozaliwa, anatabasamu, na ananionyesha nafasi pembeni yake.

Niliangalia mawe. Kwenye kona kuna mawe ya moto, na mimi niliyakazia macho yale mawe kama mtu atakayefanyiwa mtihani wa mawe. Mkwe akaonyesha kaptula yangu, akatikisa kichwa. Nikatikisa na mimi. Akamwaga maji, mvuke ukatufunika wote wawili, nami nikamshukuru Mungu kwa mvuke. Kisha akasema, akitafuta maneno: "Hapa... mtu anasema ukweli." Nikamwambia ndiyo. Ukweli wangu ulikuwa kwamba nataka kutoka.

Hilo mama sikumwambia.

Mjukuu mwenyewe alikuwa binti, mwekundu mashavuni, na analia. Alilia mchana kutwa. Binti yangu alimtembeza sebuleni, alimpakata, alimwimbia, na bado alilala kwa vipande vidogo vidogo na kuamka na kelele. Mumewe alisimama dirishani akiangalia nje, kisha akamwangalia mkewe, kisha akaniangalia mimi, kisha akaenda jikoni. Nilidhani ndiyo tabia ya kwao. Nilimwambia binti yangu kwamba mtoto anayelia hivi pengine anadai jina lake.

"Najua, baba," akasema, macho yamemwiva kwa kukosa usingizi. "Bibi amesema nini?"

"Bado anasubiri nione."

"Umeona nini mpaka sasa?"

Nilimwambia nimeona mengi. Hakuniuliza zaidi. Siku ya kutaja jina ilikuwa mwisho wa wiki ileile.

Mchana uliofuata nilitoka peke yangu kwenda kununua mkate. Theluji ilikuwa inaanguka taratibu, ile inayoanguka bila sauti kama pamba inavyoruka kwenye kiwanda cha kuchambulia, na mtaa ulikuwa mweupe na mtupu. Mbele ya mgahawa nikaona kigari cha mtoto kimeegeshwa ukutani. Kina kifuniko, na juu ya kifuniko theluji imeshajaa. Nikapita. Nikasimama. Nikarudi.

Ndani kulikuwa na mtoto.

Hakuonekana ila uso, mdogo kama ngumi, amefungwa mablanketi mpaka kidevuni, macho yamefumba. Hakuwa anatikisika. Niliangalia kulia, hakuna mtu. Kushoto, hakuna mtu. Nilipiga hatua huku na huku nikiita kwa Kiingereza, "Samahani! Samahani, ni wa nani?" kwa sauti ya mtu aliyesoma. Mtaa haukujibu. Niliinama kusikiliza kama anapumua, nikasikia pumzi zangu mwenyewe zikiunguruma ndani ya kola ya koti.

Mtu akinieleza leo kwamba ningeweza kusukuma mlango wa mgahawa na kuuliza, nakubaliana naye kabisa. Wakati ule kichwani mwangu kulikuwa na jambo moja tu: mtu ametupa mtoto kwenye barafu. Nikajaza mapafu yangu, na kilichotoka hakikuwa Kiingereza. Nilipiga mwano.

Kwa asiyejua: mwano si kilio cha mtu aliyeumia. Ni wito. Unapigwa ng'ombe wakiibwa, nyumba ikiungua, mtoto akipotea. Sauti inapanda juu, inavutwa, inakatwa, inaanza tena, na kila anayeisikia lazima atoke na alichonacho mkononi, akimbilie inakotoka. Mtu akiusikia akabaki amelala, kesho yake ataitwa mbele ya wenzake ajieleze. Mara ya mwisho nilikuwa nimeusikia nikiwa kijana. Sikuwahi kuupiga. Sikujua hata kama ninao.

Ninao. Ulitoka mzima, kutoka tumboni, ukagonga ukuta wa ng'ambo ukarudi. Nikaupiga mara ya pili.

Milango ikafunguka.

Kutoka saluni ya pembeni alitoka kinyozi na mkasi, na nyuma yake mteja wake mwenye karatasi za kung'aa kichwa kizima kama antena. Mtu aliyekuwa anakwangua theluji alikuja mbio na beleshi. Basi lilisimama katikati ya barabara, dereva akashuka na kuacha mlango wazi. Ajuza mmoja, aliyekuwa anatembea na fimbo mbili ndefu, alikuja kwa kasi ambayo mimi sina. Kutoka nyumba ya ng'ambo alitoka mwanamume mwenye soksi, soksi tu, hana viatu, anakimbia juu ya barafu. Na kutoka mgahawani alitoka mwanamke kijana na uma wa keki mkononi, na mdomo wake una krimu.

Walifika wote, wakasimama wakanizunguka. Hata hapo waliacha nafasi kati ya mtu na mtu. Walikuwa wanasubiri kuambiwa ni nini.

Nikaonyesha kigari. "Mtoto!" nikasema. "Ametupwa!"

Mwanamke mwenye uma akaangalia ndani ya kigari, akaniangalia mimi.

"Huyu ni wangu," akasema kwa Kiingereza. "Amelala."

"Nje?"

"Ndiyo."

"Kwenye barafu?"

"Analala vizuri zaidi." Akanionyesha dirisha la mgahawa. Meza yake ilikuwa pale pale nyuma ya kioo, na kiti chake kinatazamana na kigari. "Nilikuwa namwona. Nilikuona na wewe. Nilidhani unampenda."

Mtoto hakuwa ameamka. Mwano mara mbili, kwa mapafu ya mtu wa Simiyu, na hakupepesa hata ukope.

Nilitegemea wacheke, au wakasirike, au waite polisi. Kwetu mojawapo lingetokea, au yote matatu. Kinyozi aliniuliza kama moyo wangu uko salama. Ajuza alinishika kiwiko, akakisia uzito wangu, akaamua ninahitaji kukaa. Wakaniingiza mgahawani wakanipa kahawa na mkate wa mdalasini ambao sikuruhusiwa kulipia. Mwenye soksi aliomba kuhakikishiwa kwamba hakuna aliyekufa, akahakikishiwa, akarudi kwake akiruka kama anayepita juu ya makaa. Dereva wa basi aliniaga kwa kichwa. Ndani ya basi lake abiria walikuwa wamesubiri, kimya, bila kupiga honi wala kutukana mtu.

Binti yangu alikuja kunichukua. Alikuwa ameshasikia; mji ni mdogo, na kimya chao, nimegundua, husafirisha habari haraka kuliko kelele zetu. Alishukuru kila mtu kwa lugha yao, uso wake umeiva. Tukatoka. Tulitembea mpaka kona.

"Baba," akasema hatimaye, "ulipiga mwano."

"Nilipiga."

"Mbele ya mgahawa."

"Mtoto alikuwa kwenye barafu!"

Akasimama. "Na wetu huwa analala nje."

Nikadhani sijasikia vizuri kwa sababu ya kofia. Nikaivua.

"Kila siku, baba. Tangu ana wiki mbili. Kwenye kibaraza, ndani ya kigari, amefungwa sufu. Analala masaa matatu bila kushtuka. Tangu umekuja nimemlaza ndani ili usione, ndiyo maana halali. Na mimi silali."

Kama kuna neno la Kiswahili kwa mtu anayeshtuka juu ya mshtuko, sijalipata. Nilimwambia maneno ambayo siyaandiki. Nilimuuliza kama ni kwa ajili ya kugandisha watoto ndiyo nilimsomesha. Nilimuuliza kama anajua bibi yake atasema nini.

"Najua," akasema. "Atasema si watu. Na jina halitatoka." Machozi yakamtoka, akayafuta haraka kwa glovu, kwa sababu kule hata chozi haliachwi likae. "Kwa hiyo usimwambie. Mwambie wanasalimiana. Mwambie kuna maziwa. Baba, nakuomba. Siku ya jina ni keshokutwa, na mimi sina jina lingine ninalolitaka."

Nikakubali. Nilikubali kabisa, na mpaka tunavua viatu mlangoni nilikuwa nimeshapanga sentensi. Nina uzoefu wa kupanga sentensi.

Mama alipiga baada ya chai. Nilisikia sauti za wanawake nyuma yake. Alikuwa ameweka spika, na majirani wamekaa kusikiliza ripoti.

"Mwadila, ng'wana wane," akanisalimia.

"Mwadila, mama."

"Mbona sauti imekauka? Unaumwa?"

"Hapana. Nilipiga kelele kidogo."

"Kelele gani?"

Sentensi zangu zote zilikuwa zimejipanga vizuri, ila mama yangu aliwahi kunizaa.

"Nilipiga mwano."

Kasoli ikanyamaza. Kisha mmoja wa majirani akauliza, "Ameibiwa ng'ombe? Huko ana ng'ombe?" wote wakaangua kicheko. Mama hakucheka. Binti yangu, aliyekuwa amesimama mlangoni na mtoto, alifumba macho.

Nikamwambia mama yote. Kigari, theluji, uso mdogo kama ngumi. Nikamwambia wanawalaza watoto nje.

"Kwenye barafu hiyo?"

"Ndiyo."

"Na wetu?"

Nikamwangalia binti yangu. "Na wetu, mama."

Nilisikia wanawake wakiguna, mmoja akisema "Yesu!" na mwingine akisema achukuliwe leo leo. Mama aliwanyamazisha. Halafu akauliza swali ambalo sikuwa nimelipangia chochote.

"Ulipopiga, nani alikuja?"

Nikamtajia. Kinyozi. Mwenye karatasi kichwani. Mwenye beleshi. Dereva.

"Aliacha gari?"

"Barabarani, na watu ndani."

"Nani mwingine?"

"Bibi kizee na fimbo mbili. Na mtu mmoja ametoka ndani kwake na soksi."

"Viatu viko wapi?"

"Hakuvivaa, mama. Alisikia tu akatoka."

"Kwenye barafu."

"Kwenye barafu."

"Walikuwa wanajua mwano ni nini?"

"Hawajui. Hawajawahi kuusikia."

Nikasikia viti vikisogezwa karibu na simu.

"Mwezi uliopita," akasema mama, "upande wa bondeni wamepiga mwano, ng'ombe wa mjane wanachukuliwa. Nilisikia watu wakiongeza sauti ya redio." Akavuta pumzi. "Hao ni watu. Akili zao sizielewi, lakini ni watu. Mwambie mjukuu wangu amfunike masikio."

Kisha, kabla sijasema lolote, akanitukana kwa raha zake: nimesoma mpaka chuo kikuu, ila mtoto aliyelala na mtoto aliyetupwa siwezi kuwatofautisha, mwano haupigwi kwa usingizi, nimewatia watu mafua bure. Majirani walikuwa wanalia kwa kucheka. Alipomaliza, akasema jina.

Sikuwa nimewahi kulisikia. Nilimuuliza ni la nani kwenye ukoo.

"Langu," akasema. "La kabla ya ubatizo, kabla sijaitwa mama yako. Halijatumika siku nyingi. Aliyekuwa ananiita hivyo ni mama yangu."

Nina miaka hamsini na kitu. Binti yangu aliketi sakafuni pale pale mlangoni, na mtoto wake mikononi, akalitamka jina polepole, mara nyingi, kama anayemlisha.

Mchana uliofuata mtoto alilazwa kibarazani. Nilisimama pale na koti langu la mtumba, natoa glovu kila mara nagusa shavu, nalikuta la moto, narudishia glovu, naitoa tena. Mkwe alikuja akasimama pembeni yangu. Jina linaanza na ile sauti yetu ya ng'w ambayo hata watu wa Dar huipitia mbali, na kwa kuwa yeye ndiye mkubwa wa nyumba yao, yeye ndiye angelitaja. Alijifunza huku anakwangua theluji. Nilisikia kupitia dirishani: anakwangua, anakohoa ng'w, anakwangua.

Siku yenyewe ilikuwa na watu wachache, mishumaa, keki. Simu tuliiegemeza kwenye birika la kahawa. Mtoto wa jirani kule Kasoli alikuwa ametia bando kwenye simu yake kubwa, na mama amejaa kwenye kioo, kitenge kipya, uso karibu mno. Mkwe alisimama. Alimshika mtoto vizuri, akanyoosha mgongo, nyusi zikapanda, akalitaja. Lilitoka limepinda katikati na limevunjika mwishoni. Wakwe zangu wote walinyamaza kama kawaida yao.

"Abee!" mama akaitika.